Adabu za Safari: Mtu Mnene na Kiti cha Ndege

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi vijana wa Majengo na mitaa mingine ya Mpanda,

Safari ya nchi kavu kutoka kwetu hadi Dar es Salaam yapita kilomita elfu moja. Kwa hiyo mzee aendaye kutibiwa, au mama aendaye Hija, pengine hukatiwa na wanawe tiketi ya ndege. Shirika la Ndege la Tanzania limepata kuleta Mpanda ndege za Dash 8-400, zenye viti 76, viwili viwili kila upande wa njia. Upana wa kiti cha kawaida cha ndege ni kiasi cha inchi 17 au 18. Je, mtu ambaye kiti hicho hakimwenei, haki yake ni ipi? Na gharama ya nafasi aihitajiyo ni juu ya nani?

Mataifa hayakulijibu swali hili kwa namna moja. Nchini Kanada, Januari 2008, mamlaka ya usafiri iliyaamuru mashirika ya Air Canada na WestJet yasimtoze nauli ya pili, katika safari za ndani ya nchi, msafiri ambaye unene wake umekuwa ulemavu. Mashirika yakataka rufani, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza mwezi wa Novemba mwaka ule ule.

Huko Marekani, Southwest Airlines kwa miaka mingi lilimrudishia msafiri fedha za kiti cha pili. Tangu tarehe 27 Januari 2026 lamtaka akinunue mapema, wala fedha hazirudi ila ndege ikiondoka na kiti kitupu, pamoja na masharti mengine. Nalo Samoa Air, mwaka 2013, lilikuwa likitoza nauli kwa uzito wa msafiri na mizigo yake.

Sisi twaona kwamba aliyepima kiti ni mwenye ndege, si msafiri. Basi lililo dogo kabisa limpasalo ni kueleza masharti yake waziwazi kabla hajapokea fedha ya mtu.

Nasi wa nyumbani tuna wajibu wetu. Kabla ya kulipa, ulizeni upana wa kiti, kama mkono wake huinuliwa, bei ya kiti cha pili, na kama fedha yake hurudishwa. Mkanda ukiwa mfupi, kipo kipande cha kuurefushia. Aombwe mhudumu mapema na kwa sauti ya chini. Katika ndege ndogo abiria akiulizwa uzito wake, aseme kweli bila haya, kwani rubani ataka kusawazisha mzigo wa ndege.

Jirani naye ana haki, kwa kuwa amelipia kiti kizima. Akibanwa, amwombe mhudumu nafasi nyingine kwa upole, pasipo kumwaibisha mwenziwe.

Lakini kumcheka mtu, au kumpiga picha kwa simu ili wengine nao wamcheke, hakuna udhuru wake. Sura ya Mujadila, aya ya 11, yatuagiza kupeana nafasi katika mabaraza, na yaahidi kwamba atoaye nafasi naye atapewa. Tusiiache adabu hiyo barazani tunapopanda ndege.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari njema na wenzi wema. Amin.