Kubadilisha goti si mwisho wa matunzo



Kuna neno moja wakubwa wa kazi wanatuambiaka wakati mwenzetu anarudi toka operesheni ya goti: "Dosie imefungwa." Safari imelipwa, munganga amelipwa, goti jipya liko ndani ya mguu, basi mtu arudie kazi. Sisi wa sendika tunasema hapana. Dosie ya goti haifungwi siku ya kutoa nyuzi. Pale njo inaanza.

Tuanze na kueleza jambo lenyewe, sababu wengi wanafikiri kubadilisha goti ni kukata mguu. Sivyo. Goti likilika kabisa, ugonjwa ule waganga wanaita artrozi, munganga anaondoa sehemu zilizoharibika kwenye mfupa wa paja na wa muundi, anaweka chuma pale, na katikati ya vyuma anatia plastiki ngumu. Goti hilo linaweza kudumu sana: hesabu zilizofanywa katika inchi tajiri zinaonyesha kwamba, kwa magoti 100 ya namna hiyo, karibu 82 yanakuwa yangali mahali pake baada ya miaka 25. Ni operesheni nzuri. Hatuko hapa kuogopesha mtu.

Lakini hesabu za inchi zile zile zinasema jambo lingine: kati ya watu 5 waliobadilishiwa goti, karibu 1 anabaki na maumivu ya muda mrefu. Na wale ni watu wenye kine karibu na nyumba, bisi ya kuwapeleka, na choo cha kukalia. Sasa tufikirie mwenzetu wa Bukavu. Alivuka Ruzizi, akapasuliwa Kigali ao Kampala, wengine wanafika mpaka India. Anarudi hapa na bekile. Anapanda ngazi za Kadutu, anateremka matope ya Bagira wakati wa mvua, na choo chake ni cha kuchutama. Aliyemupasua yuko mbali, na kurudi kumwona kunaomba tikiti ya pili ambayo hakuna aliyeipanga.

Mwenzetu mmoja, jina lake na la kampani yake tunayaacha, alifanya kazi miaka 19 chini ya ardhi. Kampani ililipa operesheni, na kwa hilo tulishukuru. Mwezi wa sita goti lilikuwa lingali linavimba jioni. Walimurudisha kwenye ngazi zile zile za shimo. Alipolalamika, walimupa vidonge vya diclo na kumwambia anatafuta kupumzika. Nyumbani nako maneno yalianza: wengine walisema ni uvivu, wengine walisema wamemurogea mguu. Mwezi wa tisa homa ilipanda, goti likawa la moto kama jiko. Mara tatu alipewa antibiotike bila mtu kuvuta maji ya goti na kuyapima. Walipoyapima, uchafu ulikuwa umefika ndani kwenye chuma. Na munganga wa hapa alipouliza ni chuma cha namna gani, cha kipimo gani, hakuna karatasi. Ilibaki kule ng'ambo. Goti lilifunguliwa tena, na safari hii jamaa njo ililipa, kwa kuuzisha kiwanja chao. Kwa kampani, dosie ilikuwa imefungwa.

Ndiyo maana tunataka kila nyumba ijue kutofautisha maumivu ya kuvumilia na maumivu ya hatari.

Ya kuvumilia ni haya. Goti kuvimba jioni na kuwa na joto kidogo kwa miezi mingi, hata karibu mwaka, inatokeaka. Ngozi ya pembeni ya kovu kufa ganzi, inatokeaka pia, na mara nyingine haiishi. Kupiga magoti kunaweza kuwa kugumu milele. Mama, ukimwona baba anabaki amekaa kwenye benchi wakati kanisa nzima imepiga magoti, si kiburi. Na mtoto asimucheke babu anayeomba kiti chenye tundu kwa ajili ya choo. Seremala wa karibu anaweza kukitengeneza, na kiti kile kinaokoa goti kila siku.

Ya hatari ni haya: homa, kidonda kinachotoa maji ao usaha, goti lililokuwa linapoa, kisha linakuwa jekundu na la moto kwa gafla, nyama ya nyuma ya muundi kuvimba na kuuma, pumzi kukatika. Hapo hakuna kungojea kesho, ni hospitali. Na tusikimbilie antibiotike za kioske mbele munganga hajavuta maji ya goti. Dawa ile inaweza kuficha ugonjwa bila kuuua, na maabara inashindwa kuuona. Hata jino bovu ao kidonda cha mguu kisichotunzwa kinaweza kupeleka uchafu mpaka kwenye chuma, hata miaka imepita. Tena, diclo kila siku, tumbo tupu, inatoboa tumbo na kuchokesha figo.

Kati ya hizo mbili kuna maumivu ya tatu: yale yasiyoisha, bila homa, bila usaha. Hayo si uvivu na si uchawi. Yanaweza kutoka kwa chuma kilicholegea, mishipa iliyoguswa, ao mguu uliopoteza nguvu. Mara nyingine yanatoka kiunoni ao mgongoni, goti linasingiziwa tu. Mtu huyo ana haki ya kupimwa upya na kupigwa radio, asipewe vidonge na kufukuzwa. Nyumbani, mazoezi yanaendelea: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, uushike juu ukihesabu mpaka 5, ushushe pole pole, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Fimbo inashikwa na mkono wa upande wa mguu mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima unatangulia kupanda, mguu mgonjwa unatangulia kushuka. Hayo hayaombi hata franga moja.

Lakini mazoezi hayalipi safari ya hospitali. Kwa hiyo tuongee sheria.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inalazimisha mwajiri kumutunza mfanyakazi na jamaa yake wakigonjwa, pamoja na operesheni, dawa na hospitali. Inataja pia vyombo vya ortopedi munganga akiviagiza. Haisemi matunzo yanaisha siku mtu anashuka kwenye gari la kumurudisha. Sheria ya usalama wa jamii ya tarehe 15 Julai 2016 nayo inahesabu hatari za kazi: ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Sasa kwa nini goti la mchimbaji linaandikwaka kama ugonjwa wa uzee?

Wengine walikwisha kujibu swali hilo. Uingereza, tangu mwezi wa saba 2009, artrozi ya goti inakubaliwa kuwa ugonjwa wa kazi kwa wachimba makaa waliofanya miaka 10 ao zaidi chini ya ardhi. Ujerumani, mwaka ule ule, waliandika kipimo chao: saa 13 000 za kazi ya kupiga magoti ao kuchutama katika maisha ya mfanyakazi. Tufanye hesabu ya kwetu. Mchimbaji wa Kamituga ao wa Misisi akikaa magotini saa 6 kwa siku, siku 6 kwa juma, juma 50 kwa mwaka, ni saa 1 800. Miaka 7 na miezi kidogo, saa 13 000 zimetimia. Kijana aliyeingia shimoni na miaka 18, mbele ya kufika 26 amekwisha kuzipita. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Goti nalo linaisha vile vile, kila siku kipande kidogo.

Tunajua mtatuuliza: ninyi mnasema magoti ya chuma, wakati mashimo yanaporomoka? Kamituga, mwezi wa tisa 2020, ardhi ilifunika makumi ya vijana. Wangapi kwa wachimbaji wadogo wataona chumba cha operesheni? Swali ni la haki. Wachache sana. Lakini mlango tunaoufungua kwa huyu mwenye mkataba wa kampani njo mlango ule ule atakaopitia creuseur na mama twangaise anayetwanga mawe toka asubuhi. Tukikubali kwamba goti la mfanyakazi mwenye mkataba linafungwa kama dosie, la yule asiye na mkataba halitafunguliwa hata siku moja. Na mtu aliyepona kifo cha shimo ana haki ya kutembea.

Basi tunaomba mambo manne, na tunataka yaandikwe katika mapatano yetu na waajiri.

La kwanza: kampani ikilipa operesheni ya goti, ilipe na ya nyuma yake. Kine, radio, fimbo, na safari za kurudi kwa munganga, kwa miaka miwili angalau. Hata pesa ziweze kutolewa mkononi, sababu mwaka 2025, banki za Bukavu zilipofungwa, tuliona wagonjwa wenye pesa kwenye karatasi na hakuna mfukoni.

La pili: karatasi ya goti. Mgonjwa asitoke hospitali bila karatasi inayoonyesha jina, namba na kipimo cha chuma alichowekewa. Mama wa nyumba aiweke pamoja na vyeti vya watoto. Sendika iko tayari kuhifadhi fotokopi.

La tatu: mtu aliyebadilishiwa goti asirudishwe shimoni wala asifukuzwe. Kuna mlango wa kulinda, kuna depo, kuna taa za kutengeneza, kuna vijana wa kufundisha. Fundi wa miaka 19 hakupoteza kichwa, alipoteza goti.

La ine linatuangukia sisi wenyewe. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inataka mchimbaji mdogo awe katika koperative. Basi koperative isiwe kitabu cha kukusanya makato tu. Itenge kitu kidogo kwa kila gunia, iingie katika mutuelle ya afya, na Sud-Kivu mutuelle zipo tangu miaka mingi. Na kabla ya hospitali kuna kinga: pedi za magoti, hata zilizokatwa katika mpira wa gari na mousse ya godoro, kupokezana, ili mtu mmoja asikae magotini toka asubuhi mpaka jioni, na meza za kuoshea mchanga zipandishwe kidogo, ili mama afanye kazi akiwa amesimama ao amekaa. PDG wa shimo anayenunua motopompa hawezi kushindwa na meza ya mbao.

Kwa ninyi ambao goti limebadilishwa na bado linauma: musijifiche nyumbani. Njooni kwenye mikutano ya sendika, hata kwa fimbo, hata kwa kuchelewa. Leteni karatasi zenu, tarehe za operesheni, na majina ya dawa mliyopewa. Tukiwa na dosie 3, watatuambia ni bahati mbaya. Tukiwa na dosie 30, watatupatia kiti tuongee. Na mkutano utakuwa chini, kwenye barabara, si juu ya ngazi. Hilo tumekwisha kulipanga.