Tuhesabu macho yanayoona

Bibi yangu alipasuliwa mtoto wa jicho kwenye kambi ya macho. Ukutani palikuwa na bango lenye idadi ya watu waliolengwa kwa wiki ile. Bandeji ilipotolewa kesho yake, alinitazama akasema, "Mjukuu wangu, mbona umekonda?" Tulicheka mpaka tukalia.

Mwaka wa pili ukungu ukarudi. "Safari hii giza lenyewe ni jeupe," alisema. Tulipomfikisha hospitali ya rufaa, daktari alitueleza kuwa lenzi ya bandia haina kasoro. Kilichoharibika ni konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Seli zake za ndani zilikuwa zimekwisha.

Seli hizo ni tabaka moja tu. Mtu mzima huwa na takribani 2,500 hadi 3,000 kwa kila milimita ya mraba, na kazi yake ni kusukuma maji nje ili konea ibaki angavu. Zikifa, mwili hauoti nyingine. Zilizobaki hutanuka kuziba pengo. Zikishuka chini ya 500 hivi, konea huvimba na kuwa kama kioo cha bafuni. Hapo dawa kubwa ni kupandikiza konea ya marehemu aliyejitolea, na foleni yake ni ndefu kuliko ya kambi yoyote.

Kinga inajulikana. Tangu miaka ya 1980 madaktari hujaza jeli maalumu ndani ya jicho ili kiini kigumu cha mtoto wa jicho, kinapotolewa, kisisugue konea. Huwekwa juu ya kiini na chini yake, huongezwa inapopungua, kisha husafishwa mwishoni ili presha ya jicho isipande.

Nilimuuliza muuguzi aliyekuwepo kambini siku ile. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Jeli tulikuwa tunaibana, ndugu yangu. Watu walikuwa wengi."

Siwezi kuapa kwamba hilo ndilo lililomharibia bibi jicho. Huenda seli zake zilikuwa chache tangu mwanzo. Lakini kama zilikuwa chache, ndiyo sababu zaidi ya kutoibana.

Nitaambiwa, "Watu wanapofuka wakisubiri, wewe unadai anasa?" Najua foleni hiyo, bibi alikaa humo miaka mitatu. Wala sigombani na kasi. Daktari mzoefu hupasua haraka kwa tundu dogo, bila mashine ya gharama, na konea ikabaki salama. Ninagombana na hesabu inayomwandika bibi kuwa amefanikiwa siku bandeji ilipofunguliwa, kisha ikafunga daftari. Kwenye ripoti ya kambi ile, bibi yangu bado anaona.

Basi wanaotoa fedha waache kuuliza tu, "Mmepasua wangapi?" Waulize, "Wangapi wanaona baada ya mwaka?" Jeli iingie kwenye bajeti kabla ya bango na fulana. Ikiisha saa nane mchana, upasuaji usimame saa nane mchana, na waliobaki wapewe tarehe nyingine.

Mtoto wa jicho husubiri, na akiondolewa vizuri hata baadaye, mtu huona. Seli zilizokufa hazirudi. Bibi sasa hunitambua kwa sauti. Hajui tena kama nimekonda.