JM Bado Anadai Haki
Machi 2, 1975, Josiah Mwangi Kariuki (JM), mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana akitoka hoteli ya Hilton, katikati ya Nairobi, pamoja na Ben Gethi, kamanda wa GSU, kikosi maalumu cha polisi. JM hakurudi nyumbani. Mfugaji Mmaasai aliukuta mwili wa JM kwenye vilima vya Ngong. Ukalala mochari ya jiji bila jina hadi wake zake walipoutambua Machi 11. JM alikuwa amewakemea hadharani vigogo waliojilimbikizia mashamba huku waliopigania uhuru wakikosa hata pa kujenga kibanda. Kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo, chini ya Elijah Mwangale, ilitaka Gethi achunguzwe zaidi. Bunge liliipitisha ripoti, Waziri Masinde Muliro aliyeiunga mkono akafutwa kazi, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Unyakuzi wa ardhi alioukemea nao haukukoma: mwaka 2004 Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilianika jinsi ardhi hiyo, ikiwemo misitu ya Karura na Ngong, ilivyogawiwa wenye ushawishi. Nayo ripoti hiyo ikawekwa kabatini. Nchi inayoogopa kumtaja muuaji haiwezi kumkabili mnyakuzi. Serikali ifungue majalada ya polisi kuhusu JM, yote, na iyafungue sasa, wakati wanaojua ukweli wangali hai.