DISKI ILIYOKUFA BADO INA MAJINA YETU



Siku hizi daftari la mishahara halikai kabatini. Limo ndani ya kompyuta, katika diski ya SSD, kitu chepesi kisichozidi kiganja. Humo mna majina yetu, nambari za vitambulisho, akaunti za benki na michango ya chama. Ikifa, hutupwa jaani au huuzwa pamoja na vyuma chakavu. Sisi twasema desturi hiyo ikome.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Diski ya zamani, yenye sahani inayozunguka, mara nyingi hukwaruza kabla ya kufa. SSD yaweza kuzimika ghafla bila sauti. Lakini huenda kilichokufa ni kidhibiti chake tu, na chipu zenye maandishi zi nzima. Mwenye ujuzi na vyombo aweza kuzisoma.

Yafaa tufanye hivi. Kwanza, ijaribiwe kwa waya mwingine na kompyuta nyingine, kwani pengine diski haina kosa. Ikiwa imelowa maji, isiwashwe. Ikiwa mna kumbukumbu zisizo na nakala, msiendelee kuiwasha na kuizima. Apewe fundi anayejulikana, kwa hati iliyotiwa sahihi.

Pili, ikiwa bado yafanya kazi, ifutwe kwa programu ya kiwanda chake. Kuandika juu ya maandishi ya kale hakutoshi, maana kidhibiti huacha sehemu zilizofichika. Sumaku nayo haisaidii kitu kwa SSD.

Tatu, ikiwa imekufa kabisa, itolewe katika kompyuta na kila chipu ivunjwe. Tundu moja la msumari laweza kukosa chipu zote. Mvunjaji avae miwani na glavu, na asiguse betri ya kompyuta, kwani betri ikipigwa yaweza kushika moto. Vipande vipelekwe kwa wapokeaji wa taka za umeme, kama WEEE Centre ya Nairobi.

Kuchoma ni marufuku kwetu. Moshi wa plastiki na madini huingia kifuani mwa mchomaji. Nasi wa Garsen twajua kwamba kilicho jaani leo chaweza kuwa mtoni kesho. Mafuriko ya 2023 na 2024 yametufundisha hayo. Maji ya Tana ndiyo yanyweshayo ng'ombe na mashamba.

Wengine watasema kazi hii ni gharama, na Nairobi ni mbali. Ni kweli. Lakini gharama hiyo si ya karani wala ya mfagizi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yamtaka alinde habari anazoziweka. Diski zaweza kukusanywa katika sanduku lenye kufuli, zikapelekwa pamoja mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo twataka kila ofisi iwe na sanduku hilo, daftari la kuandika kila diski iliyotolewa, na nakala ya kumbukumbu iliyowekwa mahali pengine, palipoinuka. Nanyi wajumbe, liulizeni jambo hili katika mkutano ujao na mwajiri. Mfanyakazi akiamriwa kuchoma diski, akatae kwa adabu, kisha alete habari kwa chama.

Umoja ni nguvu.