Mutu akipoteza macho, musimuache na giza ya moyo



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo lenye watu wanaficha ndani ya nyumba. Katika miji yetu ya shaba, watu wanapoteza macho kwa njia nyingi. Kipande cha jiwe kinaruka ndani ya shimo. Asidi inamwangika kiwandani. Wengine ni mutoto wa jicho, wengine ni glokoma ao ugonjwa wa sukari. Jamaa inakimbia juu ya macho: hospitali, dawa, maombi. Ni vizuri, maana mutoto wa jicho unapasuliwa, na mara mingi mutu anaona tena. Lakini nani anauliza habari ya moyo wake?

1. Ni kama matanga

Mwenye kupoteza macho anafiwa na vitu vingi siku moja: kazi yake, kusoma Biblia yeye mwenyewe, sura za watoto wake, kutembea peke yake mpaka sokoni. Basi analia, anakasirika bure, ao ananyamaza siku nzima. Usimuambie haraka: «Amini tu, usilie.» Kwenye matanga, hatumukatazi mufiwa kulia. Tunaikaa naye.

Tena kuna neno lenye kuumiza kupita yote: kumuambia kila Siku ya Mungu kwamba haponi kwa sababu imani yake ni kidogo, ao kwamba kuna zambi amezificha. Soma Yoane 9. Wanafunzi walipomuona kipofu, walitafuta mukosaji: ni yeye ao wazazi wake? Yesu hakukubali wamuhukumu hivyo, wala yeye, wala wazazi wake.

2. Wenye kuona vitu visivyokuwapo

Hapa musikilize vizuri, maana jamaa nyingi hazijui. Mutu mwenye macho yake yameharibika anaweza kuanza kuona vitu: watu wadogo wanapita ukutani, sura, ndege, maua, michoro kama ya kitenge. Anajua havipo, lakini anaviona. Anaogopa kusema, kwa kuwa watu watasema ni wazimu ao ulozi. Akisema, wengine wanamupeleka kwenye maombi ya kufukuza pepo. Wanamufungisha siku nyingi bila chakula, ao wanaanza kutafuta mulozi ndani ya jamaa.

Wapendwa, hiyo si pepo wala wazimu. Mwaka 1760 mutu wa Geneva, katika Uswisi, jina lake Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin. Muzee huyo macho yake yalikuwa yamefifia. Aliona watu, ndege na nyumba zisizokuwapo, lakini akili yake ilikuwa nzima. Mpaka leo waganga wanauita ugonjwa huo kwa jina la Charles Bonnet. Ubongo ulizoea kupokea picha toka machoni. Picha zikikosa kuingia, ubongo wenyewe unatengeneza zake. Ni kama sinema bila sauti.

Mara mingi vitu hivyo vinapunguka na wakati. Vikitokea, mutu awashe taa, ao asimame, ao apepese macho kushoto na kuume. Mara nyingine vinatoweka. Lakini akisikia pia sauti, ao akichanganyikiwa, ao akiwa na homa, musingoje. Mumupeleke kwa munganga, maana hiyo inaweza kuwa ugonjwa mwingine.

3. Jamaa ifanye nini?

Ukiingia, sema jina lako. Ukitoka, sema unatoka. Usimuache azungumze na kiti. Musihamishe vitu vya nyumba bila kumuambia. Kwa njia, yeye ndiye ashike mukono wako. Usimukokote kama mbuzi. Wageni wakiuliza habari yake, wamuulize yeye, si muke wake. Kupoteza macho si kupoteza masikio.

Mumpe kazi. Kuchagua maharagi, kufundisha watoto nyimbo, kutoa shauri juu ya mahari: hayo yote hayaombi macho. Mutu asiye na kazi hata moja anaanza kujiona kama muzigo.

Na ninyi wazazi, musimutoe mutoto shuleni juu ya kumuongoza baba kila siku. Baba ataona huzuni mara mbili, na mutoto atapoteza kesho yake. Vijana wa kanisa, jigawanyeni zamu. Mmoja Siku ya Kwanza, mwingine Siku ya Pili, ao nyuma ya masomo: kumutembeza muzee na kumusomea Biblia. Ni utumishi mukubwa kupita kuimba mbele ya watu.

4. Kama anasema heri afe

Akiacha kula na kulala, akigawa vitu vyake, akisema yeye ni muzigo ao heri afe, musicheke na musimugombeze. Mumuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumuingizi wazo. Kunamupa nafasi ya kusema. Usiku ule asibaki peke yake. Muondoe kamba, dawa na visu karibu naye, na asubuhi mumupeleke kwa munganga. Kule Lubumbashi kuna kituo cha Dr Joseph Guislain cha mafurere Wakatolika, chenye kutunza wagonjwa wa akili. Kwenda huko si kukosa imani.

Muone nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Alichoka, akaomba kufa. Mungu hakumugombeza. Kwanza alimuacha alale, akamupa mukate na maji, akalala tena. Neno lilikuja nyuma, na mwisho Mungu akamupa Elisha kuwa mwenzake. Chakula, usingizi, neno, mwenzi: tufuate hiyo njia na sisi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Ni nani katika mutaa wetu haonekani tena kanisani tangu macho yake yalipoharibika?
Ni kazi gani tunaweza kumupa katika kanisa?
Kijana, wewe utachukua siku gani?

Bwana awape macho ya kuona wenye kufichwa. Amina.

Muchungaji wenu