Tunagombea Majina, Simu ni Ile Ile

Mnagombana nini pale Mkunguni, Amu? Huyu anatetea Tecno, yule Infinix, wa tatu kaikumbatia Itel yake kama kitoto mchanga. Sauti zinapanda, mate yanaruka, watu waliosoma chuo kimoja wanaitana washamba. Mwenzangu, umewahi kuuliza pesa zenu nyote watatu zinaingia mfuko wa nani?

Mfuko mmoja. Kampuni inaitwa Transsion, makao yake Shenzhen, China. Tecno ni yake. Infinix ni yake. Itel ni yake. Hata simu ikiharibika ndani ya dhamana, zote tatu zinapelekwa Carlcare, na Carlcare nayo ni yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi ambao ndugu zetu wanaunda mashua Matondoni tulipaswa kuwa wa kwanza kuuliza fundi ni nani. Hatukuuliza. Tulilala.

Chukua tatu zilizotoka tulipokuwa tukiingia mwaka 2024: Infinix Smart 8, Tecno Spark Go 2024, Itel A70. Ziweke mezani, ufunike majina. Kioo cha inchi 6.6, zote. Betri ya mAh 5,000, zote. Chipu ya Unisoc, zote. Na zote zina kile kidude cheusi juu ya kioo kinachotanuka ukichomeka chaji, kilichoigwa kutoka iPhone 14 Pro ya mwaka 2022. Infinix wanakiita Magic Ring. Tecno wanakiita Dynamic Port. Itel wanakiita Dynamic Bar. Kitu kimoja, ubatizo mara tatu! Na kinakufaa nini? Kinatuma pesa? Kinashika mtandao ukiwa Kiunga?

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini kidude si kitu. Kinachonichoma ni RAM. Boksi limeandikwa 8GB kwa herufi za kumeremeta, na pembeni, kwa herufi za sisimizi, 4+4. Hiyo nne ya pili imetoka wapi? Imemegwa kwenye storeji yako mwenyewe, mle unamoweka picha za arusi na voisi za mama. Storeji haikimbii kama RAM, haikaribii hata kidogo. Yaani umeuziwa chumba ndani ya nyumba yako, na umetoka dukani unacheka. Kuna hata walioandika 12GB, na ya kweli ndani ni nne tu. Nne! Na wewe umesimama hapo unahesabu macho ya kamera nyuma, ilhali jicho la pili mara nyingi lipo kukamilisha sura.

Haya, miezi inapita. Simu imejaa magurupu ya WhatsApp na video za maulidi. Inaganda. Mvuvi wa Kizingitini ana samaki kwenye barafu, mnunuzi yuko Mombasa anataka picha na bei, na kioo kimesimama kama ukuta. Barafu haingoji simu izinduke. Mzee wa Faza anataka huduma ya serikali, anaambiwa aingie eCitizen, kwani tangu Juni 2023 serikali ilitangaza huduma zaidi ya 5,000 kupatikana huko. Anaingia na nini? Na kidude kinachotanuka?

Kisha chumvi ya bahari inakula tundu la chaji. Mtu anapanda boti kutoka Pate hadi Amu, anakwenda kwa fundi Usita wa Mui, fundi anatikisa kichwa: kioo cha hiyo sina, niagize Mombasa. Piga hesabu ya nauli, kioo na ufundi. Uliokoa shilingi ngapi siku ile ulipochagua ya bei rahisi kwa kupendezwa na rangi?

Usiniambie masikini hana la kuchagua. Ndiyo maana masikini anapaswa kuchagua kwa ukali zaidi. Tajiri akikosea hununua nyingine kesho.

Na msidhani maumivu haya ni mapya. Mwisho wa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu bandia zizimwe, na karibu milioni 1.9 zikakatiwa mtandao. Tanzania wakafanya vivyo hivyo Juni 2016. Wenye hasara walikuwa nani, waagizaji? Walikuwa ni sisi, tuliovutwa na sura ya Nokia na Samsung bila kuuliza kilichomo ndani. Leo simu ni halali, jina ni halali, dhamana ipo. Lakini macho yetu ni yale yale.

Ukikimbilia mkopo nako, fungua macho. Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, shilingi 20 kwa siku ilisikika kama sadaka. Ishirini ni ndogo. Izidishe kwa siku zote, uongeze kianzio, ndipo ulinganishe na bei ya taslimu. Na kumbuka: usipolipa, simu inajifunga mkononi mwako.

Basi sikiliza. Ukiingia dukani, usiulize jina. Uliza RAM ya kweli ni ngapi, bila kujumlisha. Uliza masahihisho ya usalama yataishia mwaka gani. Muuzaji akinyamaza, umejibiwa. Uliza kioo chake kinapatikana Amu au hadi Mombasa. Tia laini yako mwenyewe, uone 4G kabla hujalipa. Bonyeza *#06# na ulinganishe nambari itakayotokea na ile ya kwenye boksi. Akikwambia boksi halifunguliwi mpaka ulipe, rudisha pesa mfukoni, utoke. Maduka ni mengi.