Ufukwe wa Tanganyika nchini Burundi: kujenga upya, lakini umbali gani kutoka majini?

Kila mwisho wa juma, barabara inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge hubeba watu wanaokwenda kupunga upepo ziwani. Baa, hoteli na majiko ya mukeke wa kuchoma yamesongamana kandokando ya maji. Swali linalozikabili mamlaka na wenye mali ni moja: majengo yaliyoharibiwa na maji yajengwe tena pale pale?

Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilifurika. Mwaka 2024 maji yalipita kimo cha mita 777 juu ya usawa wa bahari. Yaliingia kwenye hoteli na sehemu za starehe za Bujumbura, yakafunika makazi ya Gatumba na kuwahamisha wakazi wa pwani ya Rumonge. Aprili mwaka huo, serikali na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa kimataifa, wakieleza kuwa zaidi ya watu 200,000 nchini kote walikuwa wameathirika tangu Septemba 2023.

Mvua za El Niño zilichangia, lakini si hilo tu. Ziwa hupokea mito mingi, ukiwemo Rusizi, na njia yake ya kutokea ni moja, mto Lukuga upande wa Kongo. Kwa hiyo maji yakishapanda hukawia kushuka. Hali hiyo si ngeni, kwani ziwa lilipanda vivyo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliyejenga wakati maji yako chini alijenga juu ya ardhi ambayo ziwa halikuwa limeiacha.

Sheria ya Maji ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kandokando ya Tanganyika. Ukanda huo una kazi. Matete yake huzuia udongo unaoporomoka kutoka milimani, huchuja uchafu na huwapa samaki mahali pa kuzaliana. Yakifyekwa ili kupata mchanga wa kuweka viti, tope na maji ya vyoo huingia ziwani moja kwa moja. Ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470 hubadilisha maji yake polepole mno, na uchafu ukishaingia hautoki upesi.

Hasara hiyo humfikia kwanza asiyekuwa na hoteli. Mvuvi wa Rumonge, mwanamke anayeanika ndagala na familia inayochota maji ziwani wanategemea maji yale yale. Hata hivyo, kuwaondoa wote kwa pamoja si haki. Baa hizo huajiri vijana wengi, na mchuuzi mdogo akibomolewa kibanda chake hana pengine pa kwenda, ilhali mwenye mtaji huweza kuhamia mlimani.

Sheria itaheshimika ikiwa itapimwa kwa kamba moja kwa wote, kuanzia pale maji yalipofika wakati wa mafuriko, si pale yanapoishia wakati wa kiangazi. Viti na miavuli inayohamishika yaweza kubaki karibu na maji, lakini kuta, vyoo na mashimo ya maji taka vinapaswa kurudi nyuma. La sivyo, mafuriko yajayo yatabomoa kwa gharama kubwa zaidi kile ambacho sheria ilikwisha kukataza.